Mafuriko Afadhali

Jamani, nani aliwaambia Jumamosi ni siku ya baba kupumzika? Mama watoto kaamua kwamba wanetu wanashinda kwenye simu mno, lazima watolewe wakaone dunia. Dunia yenyewe? Makumbusho ya vioo, kule Corning, jimbo la New York. Yaani watoto ambao nyumbani tunawanywesha kwa vikombe vya plastiki, na sababu tunaijua, tunawafungia safari kuwapeleka kwenye jengo lenye vitu zaidi ya 50,000 vya kuvunjika!

"Watoto hadi miaka 17 hawalipi kiingilio," akanijibu. Basi, kesi imeisha. Huyu mwanamke akisikia neno bure, hata mochwari tutakwenda kutalii.

Humo ndani wenzangu wanatazama vioo, mimi natazama mikono. Kuna kichwa cha mfalme wa Misri, kidogo tu, cha kioo, kina miaka zaidi ya 3,000. Falme ngapi zimeanguka, chenyewe kipo. Kitinda mimba wangu akakikodolea macho huku anakunja mikono ya shati. Nikamdaka ukosi.

Lakini kilichoniingia moyoni ni habari ya mwaka 1972. Kimbunga Agnes kilileta mvua, mto ukafurika, maji yakaingia makumbusho na kupanda zaidi ya mita 1.5. Wakati ule vilikuwamo vitu kama 13,000. Vilivyoharibika? 528. Nikapiga hesabu palepale: mto mzima, pamoja na matope yake, umeharibu vitu vinne tu katika kila mia! Sisi harusini tulipewa bilauri dazeni nzima. Imebaki moja, nayo ina ufa, tunawekea miswaki. Mafuriko afadhali, yanakuja yanaondoka. Hawa wangu wamo tu, na saa saba wanadai chakula.

Kuna pia duara la kioo la upana wa mita tano. Mwaka 1934 walikuwa wanamimina kioo cha darubini, vipande vya kalibu vikang'oka vikaelea juu, kazi ikaharibika. Wakamimina jingine, ndilo lililopelekwa mlima Palomar, California. Lile bovu ndilo watu wanapiga nalo picha. Mama watoto aliposoma kwamba ni Pyrex, ukoo mmoja na mabakuli yake ya wageni, akalisogelea kwa adabu. Mabakuli yale mimi mume wa ndoa sijawahi kulia. Nadhani mgeni wake hajazaliwa bado.

Mwisho kifungua mimba akataka kupuliza kioo chake. Fundi kashika bomba, mtoto kapuliza, kikatoka kizuri, sitasema uongo. "Nipe niende nacho." Thubutu! Kioo cha moto kikipoa ghafla kinapasuka, lazima kilale kwenye tanuri kipoe taratibu. Ukifuate kesho au kitumwe kwa posta. Akaangua kilio. Wa kati, ambaye hakupuliza chochote, naye akalia, mshikamano wa kindugu. Nani kalipia posta? Msiniulize.

Kimefika kizima. Kimewekwa juu ya kabati la mabakuli ya wageni. Juzi nikakuta kiti kimesogezwa hadi pale. Nikauliza nani kakisogeza, familia nzima ikanigeukia mimi.