Patel ni Jumbe, Bwana

Juzi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi kuchukua misumari ya bati, kilo mbili. Kijana wa kaunta akanigeuzia simu yake: picha ya Rama, mfalme-mungu wa Wahindu, na upinde, mshale wa dhahabu unashuka kwa wanawe mapacha, Lava na Kusha, halafu unatua kwenye neno PATEL, jina la ukoo wao, watu wa Gujarat, India. Matawi ni mawili: Leuva Patel ni uzao wa Lava, Kadva Patel uzao wa Kusha. "Sisi damu ya wafalme, kaka," akasema, huku akinifungia misumari kwenye gazeti.

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni, wapi!

Maana hao mapacha wamezaa jamani! Walohana, jamii nyingine ya Kigujarati, nao wanasema babu yao ni Lava. Nyumba ya kifalme ya Jaipur inasema Kusha. Ya Mewar, Lava tena. Utadhani ule msitu alimojifungulia Sita, mke wa Rama, ulikuwa wodi ya wazazi ya India nzima. Na wale akina Patel wa Bharuch wanaoswali swala tano, mshale unawafikiaje?

Jina lenyewe wala halijifichi. Patel alikuwa mkuu wa kijiji: anajua shamba la nani linaishia wapi, anakusanya kodi ya ardhi, anaipeleka juu. Kwetu huyo ni jumbe, na sisi pia tunao akina Jumbe, cheo cha babu kimegeuka jina la ukoo. Jamii yao yenyewe inaitwa Patidar, yaani mwenye patti, fungu lake la ardhi. Hiyo "dar" ndiyo iliyokaa mkiani mwa jemadari wetu. Zamani waliitwa Kanbi, wakulima. Jina hilo likawakera, wakahangaika na makarani wa Mwingereza mpaka sensa ya 1931 ikawaandika Patidar.

Hapa ndipo ninapochemka. Wakulima haohao ndio waliogoma kulipa kodi huko Kheda, Gujarat, mwaka 1918, mazao yameharibika na serikali bado inadai chake. Mwaka 1928 ikawa zamu ya Bardoli: kodi imepandishwa, mifugo inakamatwa, mashamba yanatwaliwa, watu hawatikisiki. Vallabhbhai Patel aliyewaongoza akatoka huko na jina la Sardar, yaani kiongozi. Ukoo wa mkusanya kodi unakataa kodi! Unayo habari kama hiyo nyumbani, halafu unaiacha uvunguni ukajipachike kwa mwana wa mfalme?

Haya, nakubali kwa shingo upande: palipo na ngazi za kuzaliwa, kudai mfalme ni namna ya kukataa kudharauliwa. Na pwani yetu imejaa Washirazi wasioweza kuionyesha Shiraz kwenye ramani, kwa hiyo nipunguze sauti. Lakini tarehe 25 Agosti 2015 malaki ya Wapatidar walifurika Ahmedabad kudai waingizwe kwenye matabaka yaliyoachwa nyuma, wapate nafasi za vyuo na ajira serikalini. Wajukuu wa Rama hao! Wachague moja basi.

Baba yake yule kijana alikuwa kule nyuma akihesabu makufuli, kumbe anatusikia. "Babu yangu mimi namjua," akasema bila kuinua kichwa. "Alilima tumbaku karibu na Nadiad. Huko juu zaidi sijafika."

Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hiyo misumari umelipa?"