Dakika tatu kabla ya kuoga: mwanafunzi wa tiba kwa vitendo na kipimo cha presha

Kila mtaala wa tiba kwa vitendo unapofanyiwa marekebisho, walimu hurudi kwenye mvutano uleule: mwanafunzi atumie muda gani kujifunza kupima presha, kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi, kupima nguvu za misuli na mwendo wa viungo, na kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kumwangusha? Wapo wanaosema hizo ni kazi za wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia, na kwamba kila saa inayokwenda huko inapungua kwenye kiini cha taaluma, ambacho ni kumrudishia mtu uwezo wa kuoga, kuvaa, kupika na kushika shughuli zenye maana kwake. Wengine wanataka mwanafunzi asikanyage wodini kabla hajafaulu stadi hizo zote.

Hofu ya kundi la kwanza ina historia. Taaluma hii iliasisiwa rasmi nchini Marekani mwaka 1917 kwa imani kwamba shughuli yenyewe ni tiba. Miongo iliyofuata iliisogeza karibu mno na udaktari wa viungo na misuli, hadi Mary Reilly, mtoa tiba kwa vitendo wa Marekani, katika mhadhara wake wa mwaka 1961, akawataka wenzake waikumbuke asili yao. Anayeogopa kwamba orodha ndefu ya vipimo itamgeuza mwanafunzi kuwa fundi wa pembe za viwiko anayo sababu ya kuogopa. Mwanafunzi anaweza kupima nguvu za misuli kwa ngazi zote kuanzia 0 hadi 5 bila kosa hata moja, na asijue kwamba mama aliye mbele yake anachotaka ni kuweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe.

Hata hivyo, naona upande wa pili umeeleweka vibaya, na lawama kidogo iwaendee watetezi wake wenyewe, ambao huutetea kwa kutaja kanuni za hospitali na woga wa kushtakiwa. Sababu nzito zaidi iko ndani ya shughuli yenyewe. Kuoga, kuvaa suruali, kuinuka chooni na kuinama kuokota kiatu ni miongoni mwa mambo yanayouelemea zaidi mwili wa mgonjwa katika siku nzima ya wodini, na anayemwongoza kuyafanya ni mtoa tiba kwa vitendo. Akisema kipimo si kazi yake, ni kana kwamba anasema athari za tiba yake si jukumu lake.

Chukua kipimo kimoja tu. Presha husemwa kuwa imeshuka kwa sababu ya kusimama pale presha ya juu, yaani ile namba kubwa ya kipimo, inapopungua kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 baada ya mtu kusimama. Wanafunzi wengi huzikariri 20 na 10. Ile 3 ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayogusa kazi yetu. Presha iliyoandikwa na muuguzi alfajiri ilipimwa mgonjwa akiwa amelala, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu mwili huohuo ukiwa wima. Mwanafunzi anayepima mgonjwa akiwa ameketi, akaridhika, kisha akamsimamisha na kuanza safari ya bafuni papo hapo, atakuwa katikati ya njia dakika ya pili, mkono mmoja umeshika taulo, mgonjwa akiwa mbali na kitanda na mbali na kiti. Ongeza maji ya moto, ambayo hutanua mishipa ya damu, au mlo mzito ulioliwa muda mfupi uliopita, au siku nyingi za kulala chali, na dakika hizo 3 zinakuwa sehemu hatari zaidi ya kipindi kizima. Kuzisubiri kando ya kitanda, kipimo kikiwa mkononi na macho yakiwa usoni mwa mgonjwa, ni sehemu ya kumwogesha.

Kuna hali nyingine inayonifanya nisikubali hoja kwamba macho na uzoefu vinatosha. Tuseme wagonjwa wawili wanajisikia vibaya ghafla wakati wa kuvaa. Wa kwanza presha yake imeshuka kwa kusimama, anatakiwa alazwe. Wa pili aliumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, na sasa ana maumivu makali ya kichwa na jasho usoni. Huyu anatakiwa aketishwe wima, nguo za kubana zilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umejikunja au kuziba, na msaada uitwe mara moja. Ukimlaza wa pili kama ulivyomlaza wa kwanza, unamzidishia hatari, kwa sababu presha yake imepanda. Na namba inaweza kumhadaa asiyefundishwa: presha ya juu ya kawaida kwa watu wengi wenye jeraha la aina hiyo ni kati ya 90 na 110, na kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida ya mtu huyo kunatosha kuwa dharura. Kipimo kinachosoma 135, ambacho kwa mtu mwingine kisingemshtua yeyote, hapa ni kengele. Mwanafunzi hawezi kuisikia kama hakuandika presha ya kawaida ya mgonjwa kabla ya kuanza.

Mifano mingine naipitia haraka. Bega lililolegea baada ya kiharusi halivutwi kumwinua mgonjwa. Mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu haufungwi mkanda wa presha. Mkanda mdogo kuliko mkono husoma presha kubwa kuliko ilivyo. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuchoka sana huku mapigo yakiwa hayajapanda, kwa hiyo muulize anavyojisikia na uamini jibu lake.

Pale wapinzani wanaponigusa ni kwenye namna ya kufundisha. Mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akionyesha stadi moja moja, uliobuniwa na mwalimu wa udaktari Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, na kuelezwa mwaka 1975, ulikuwa hatua kubwa ya haki katika kupima wanafunzi, lakini stadi zikikatwa vipande vya dakika chache, mwanafunzi huzoea kutamka hatua badala ya kumwona mtu. Pia alama hujumlishwa, na hapo ndipo pananiudhi zaidi: aliyesahau kufunga breki za kiti cha magurudumu anaweza kufaulu kwa sababu alinawa mikono vizuri na kujitambulisha kwa adabu. Breki hazifidiwi na adabu. Stadi chache za namna hii zinapaswa kuwa na lango lake, mtu apite au arudie, na orodha yake iwe fupi ili muda wa mengine ubaki.

Hoja ya muda nayo inapungua uzito stadi zikiwekwa ndani ya somo la shughuli. Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo linataka angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu; ndani ya saa hizo mgonjwa ataogeshwa na kuvishwa mara nyingi, na kila mara kipimo kina mahali pake.

Ningependa kuona kituo cha mtihani ambamo mwanafunzi anaombwa amsaidie mgonjwa kuoga, na katika dakika ya pili ya kusimama mgonjwa anasema ameona giza kidogo, huku presha ikiwa imeshuka kwa 24. Alama kamili apewe yule aliyemrudisha kitandani, akapima tena, akamjulisha muuguzi na kuandika kwamba leo mgonjwa hakuoga.