Mistari miwili na saa ya msimamizi

Oktoba 2020 wasimamizi wa miradi ya programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kusoma na kurekebisha msimbo wake, walifurikiwa na maombi ya mabadiliko, yaani marekebisho ambayo mtu wa nje hupendekeza. Hacktoberfest, kampeni ambayo kampuni ya DigitalOcean iliianzisha mwaka 2014, ilikuwa imeahidi fulana kwa washiriki 70,000 wa kwanza watakaotuma maombi manne mwezi huo. Wengi wakaona njia ya mkato: fungua README, faili la maelezo ya mwanzo ya mradi, ongeza maneno ya kuusifia mradi kwenye kichwa cha habari, tuma. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadili kanuni, ikawa mradi ambao haujakubali kushiriki hauhesabiwi. Mwaka 2024 mradi wa Express, zana ya kujengea programu za wavuti, ukapata msukosuko wa aina hiyo hiyo, wanafunzi waliofuata somo la video walipokuwa wakiongeza majina yao kwenye README yake.

Tangu hapo kuna wanaosema wazi kwamba mgeni anayekuja kurekebisha koma na sentensi kwenye maelezo ya matumizi, bila kugusa msimbo, ni mzigo. Siwezi kuwapuuza. Ombi la herufi moja nalo lazima mtu alifungue, asome kilichobadilika, aangalie majaribio ya kiotomatiki, kisha ajibu kwa adabu. Mtu huyo mara nyingi yuko peke yake, na anaifanya kazi hiyo usiku baada ya ajira yake.

Tena udogo wa badiliko hauthibitishi nia ya aliyelileta. Akaunti iliyojiita Jia Tan ilipiga hodi kwenye mradi wa xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, mwaka 2021 ikiwa na kijifaili cha mipangilio ya kihariri, kitu kisichomdhuru mtu. Polepole ikajenga imani kwa msimamizi aliyekuwa amechoka, hadi ikapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuingia kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa mgeni. Msimbo ukiharibika hupiga kelele: programu inakataa kujengwa, jaribio linaanguka, mtu anapata taarifa. Maelezo huoza kimya kimya. Hakuna jaribio la kiotomatiki litakalosema kwamba sentensi fulani imepitwa na wakati. Na aliyeandika mwongozo ndiye wa mwisho kuliona kosa lake, kwa kuwa mashine yake ina kila kitu tangu zamani.

Nilipoteza jioni nzima kwa kosa la namna hiyo. Mwongozo wa kusakinisha programu moja ulitaka, kwenye hatua ya 4, nenosiri la mtumiaji wa hifadhidata. Nikaandika langu, likakataliwa. Nikafuta kila kitu nikaanza upya, likakataliwa tena. Karibu saa tano usiku nikasoma mbele kwa kukata tamaa, nikakuta kwamba mtumiaji huyo anaundwa hatua ya 6. Dawa ilikuwa kupandisha mistari miwili juu. Hakuna mtaalamu wa mradi ule ambaye angeigundua, maana hakuna aliyesakinisha kutoka mwanzo kwa muda mrefu.

Ndiyo maana sipendi ushauri tunaowapa vijana kwamba waanze na maelezo "kwa sababu ni rahisi". Ushauri huo ndio unaozaa koma zisizo na kazi. Maelezo mazuri ni magumu. Yanamtaka mtu afuate njia kwa miguu yake mwenyewe. Mradi wa Linux, kiini cha mifumo endeshi mingi, umelielewa hili: maelezo yake yanakaa kwenye hazina ile ile ya msimbo, yanapitia uhakiki, na mleta badiliko anaweka mstari wa Signed-off-by, tamko lenye jina lake kwamba ana haki ya kulileta, kama anayegusa kiini chenyewe. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi Eldoret, Kenya, una sababu kubwa zaidi ya kujali. Anayesakinisha kwenye kituo cha afya huenda si mwandishi wa programu, na hatua moja iliyorukwa inaweza kuwarudisha wauguzi kwenye makaratasi.

Kwa hiyo sioni faida ya kuwafungia mlango wenye mabadiliko madogo, wala ya kumpokea kila mmoja kwa sababu tu ni mgeni. Ningewauliza wote neno moja: umejuaje? Aliyekwama ana jibu: mfumo gani, toleo gani, amri ipi, ujumbe gani wa kosa. Anayewinda fulana hana.

Nilipotuma mistari yangu miwili, msimamizi hakunishukuru kwanza. Aliuliza nilitumia toleo gani la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, na ujumbe wa kosa ulisomekaje. Nikambandikia vyote viwili. Kesho yake akajibu kwamba amefuta mashine yake ya majaribio, amefuata mwongozo kuanzia hatua ya 1, naye amekwama pale pale.