Taa Iliyonikonyeza Ukweni

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye nilimbeba bure kutoka Kampala hadi Busia na hata kumnunulia kuku wa kuchoma pale Namawojjolo, ameona vyema kuwatangazia watu kwamba gari langu jipya lililipuka mbele ya wakwe, nimelazimika kuyaeleza mambo jinsi yalivyokuwa. Gari halikulipuka. Laiti lingelipuka, maana aliyelipukiwa na gari angalau hupewa pole na kiti cha kukalia.

Gari lenyewe mnalijua, kwa sababu picha zake niliziweka humu kutoka kila upande. Ni jipya kwa maana tunayoitumia hapa Uganda: limeshatumika Japani, likashushwa Mombasa, likaletwa kwa barabara hadi kwenye bondi ya Kampala, yaani yadi ya magari ambayo hayajalipiwa ushuru, na halijatimiza ile miaka 15 ambayo sheria ya mwaka 2018 iliifanya kuwa ukomo wa gari kuingizwa nchini. Muuzaji aliwasha injini, akanielekeza nitazame dashibodi kwa macho yangu mwenyewe, nami nikaona kwamba hakuna taa hata moja ya onyo iliyobaki ikiwaka. Tangu hapo kila aliyeingia garini mwangu alisomewa habari hiyo kabla hajafunga mkanda. (Mnaocheka, nanyi nimewabeba, na mlitikisa vichwa kwa kukubali.)

Sikatai kwamba gari lilitetemeka lilipokuwa likipanda ndani ya msitu wa Mabira. Nikasema ni barabara. Tulipolivuka daraja la Nile na kuingia Jinja, ndani ya gari kulikuwa na harufu ya petroli. Nikasema ni lori lililotutangulia. Iganga rafiki yangu aliuliza kwa upole kama mshale wa mafuta huwa unashuka kwa kasi ile siku zote, nami nikamwonyesha dashibodi, ilivyotulia bila taa yoyote. Nilimweleza kwamba gari la kisasa lina kompyuta, na kwamba lingekuwa na tatizo, lingesema lenyewe.

Sasa mnapaswa kujua kwamba baba mkwe wangu ni dereva mstaafu aliyeendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kigali tangu mke wangu hajazaliwa. Tulipoingia uani, mashemeji walikuwapo, majirani walikuwapo, watoto walikuwapo kwa wingi usio na sababu, na mama mkwe, ambaye kwa adabu ya huku mimi naye hatusogeleani, alikuwa amesimama mbali penye mlango wa jiko. Mzee hakunipa mkono. Aliinamisha kichwa, akaisikiliza injini, kisha akauliza, "Mkwe, mbona inachechemea?"

"Hapana, Baba," nikajibu, nikaanza kumsomea ile habari ya dashibodi. Aliisikiliza yote hadi mwisho, na hapo ndipo ningetambua hatari. Kisha akaomba ufunguo. Nilimpa kwa mikono miwili.

Aliketi nyuma ya usukani bila haraka, akakisogeza kiti, akazima injini, halafu akauzungusha ufunguo hatua moja tu, bila kuwasha. Taa zikajitokeza: ya betri, ya oili, ya breki ya mkono, ya mifuko ya hewa. Akaanza kuzigusa moja moja kwa ukucha juu ya kioo, huku watoto wakizihesabu naye kwa sauti. Alipofika mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo, na watoto nao wakarudia.

"Na ya injini iko wapi?"

Mimi, mwalimu wa watu, niliyesimama mbele ya ukoo mzima nikiwa nimevaa koti, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Haiwaki, Baba, kwa sababu injini haina tatizo."

Mzee akanitazama kwa muda ambao bado haujaisha. Kisha akanieleza, kwa Kiswahili cha barabarani ambacho kila mtu pale alikielewa, kwamba ufunguo ukifunguliwa kabla injini haijawaka, taa zote za onyo ni sharti zionekane, ili dereva ajue kwamba ziko hai, na ya injini hubaki mpaka injini iwake. Isiyoonekana kabisa ama imekufa, ama imeuawa.

Akaitwa kijana wa gereji kutoka barabarani, akaja na bisibisi na kimashine cha kusomea makosa ya kompyuta. Akafungua skrubu za dashibodi, akaondoa kile kioo, akamulika kwa tochi, akacheka peke yake kwanza. Halafu akaanza kubandua kitu kwa ukucha, polepole, na kukiinua juu ili kila mtu akione: kipande cha utepe mweusi kilichobandikwa juu ya alama ya injini, kwenye uso ambao nao ni mweusi. Kipande hicho kilipitishwa mkono kwa mkono. Shangazi mmoja mzee alikisogeza karibu na macho, akakisifu kwamba kimekatwa vizuri.

Dashibodi ikarudishwa, Mzee akawasha injini. Taa ya njano ikatokea, wala haikutulia, bali ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, nami nimesimama mbele yake dirishani.

"Babu," akasema mtoto mmoja, "inamkonyeza Mjomba!"

Kicheko cha mama mkwe kilinifikia kutoka jikoni, adabu au hakuna adabu. Mzee alizima injini mara moja na kuendeleza somo: taa hiyo ikiwaka imetulia, unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi, ikikonyeza, unasimama, kwa maana kuna silinda isiyochoma mafuta yake, na mafuta hayo huenda kuungua kwenye kichujio cha moshi ndani ya eksozi, ambacho bei yake ni ya kumliza mtu. Akauliza gari lilianza wapi kuchechemea hivyo. Rafiki yangu ndiye aliyejibu, "Mabira, Mzee," bila kuulizwa yeye.

Yaliyobaki ni mafupi. Kimashine kilichomekwa chini ya usukani, kikaonyesha kosa P0302, yaani silinda ya pili ndiyo isiyochoma mafuta. Kijana akabadilishana koili, yaani kile kifaa kinachoipa silinda umeme wa kuwasha mafuta, ya pili na ya tatu, kosa likahamia P0303, ikajulikana kwamba koili ndiyo mbovu. Mpya ikapatikana mjini kwa fedha za shemeji. Chakula tulikila kimepoa.

Muuzaji nilimpigia simu nikiwa bado Busia, nikamweleza kuhusu ule utepe kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Hakukana. Alisema, "Mwalimu, ile taa ilikuwa inatusumbulia wateja."

Sasa Mzee hunipigia simu kila asubuhi. Huulizia kwanza taa, halafu koili, halafu kichujio, na muda wa maongezi ukiwa haujakatika, humuulizia na bintiye.