Nyumba Yangu Haibadilishwi

Tangu juzi humu ndani hakukaliki. Mama watoto kaiona The Holiday, ile sinema ya mwaka 2006, sasa anataka na sisi tubadilishane nyumba na watu tusiowajua. Ati mbona Kate Winslet kaacha kijumba chake Surrey, Uingereza, na Cameron Diaz kaacha kasri lake Los Angeles, wakapatana kwenye intaneti, wiki mbili, kwaheri! Hakuna aliyeuliza funguo wala bili.

Jana akaniletea bwana mmoja na tai yake, aje "kuona mazingira". Nikavaa shati la mikono mirefu, nikampokea kama balozi. "Karibu mheshimiwa." Mlango ukagoma. Nikamweleza kwa upole: huu hausukumwi, unanyanyuliwa kidogo, halafu unapigwa bega hapa chini ya kitasa. Akapiga. "Sivyo, bwana, umepiga kwa hasira. Ubembeleze." Akabembeleza, tukaingia. Nikamwonyesha swichi ya sebuleni, inayowasha taa ya chooni, na ya chooni, ambayo haijulikani inawasha nini ila jirani hulalamika. Akatoa daftari akaandika! Nikapata moyo. Ndoo ya bluu ya kunywa, nyekundu ya kuogea, ile isiyo na mkono usiiguse, hiyo ni ya siku mambo yakiharibika kabisa. Kochi, tafadhali, kaa kushoto.

Akakaa kulia.

Jamani, si nilisema kushoto? Nikamvuta mkono huu, mama watoto ule, bwana katoka, tai imebaki kwenye springi. Na bado anauliza, "Waifai ipo?" Waifai! Mtu anachomwa na chuma makalioni anaulizia waifai!

Mwenye nyumba naye, kusikia tu habari za kubadilishana, kakumbuka kodi.

Kwenye sinema hodi inapigwa usiku, anaingia Jude Law, kaka wa mwenye nyumba, kalewa lakini sura inalipa, mapenzi yanaanza. Kwangu hodi za usiku ni shemeji, na hajaja kupenda mtu, anauliza kama kuna kilichobaki jikoni.

Halafu kile kijumba chenyewe walikijenga kwa ajili ya kupigia picha tu, karibu na kijiji cha Shere, wakamaliza wakakibomoa. Ndani walipigia studio. Sasa nyumba isiyolaliwa na mtu itavujaje? Nimemwambia mama watoto hilo, kanijibu mimi sina mahaba.

Fundi wa mlango nimempigia, yuko njiani. Njiani kwenda wapi, hasemi. Na hawa mafundi nao, akifika tu anatikisa kichwa, "Nani aliwatengenezea hivi?" Wewe! Wewe hapo, na msumari wako mmoja, na hela ya pili ukachukua ukasema ya gundi! Gundi iko wapi?