Vidonge vya damu kabla ya mimba: apewe kila mwanamke, au aliyepimwa tu?

Mwanamke anayepata hedhi kila baada ya siku 28 hukosa siku zake yapata wiki mbili tangu mimba itungwe. Akingoja wiki moja kwa kudhani zimechelewa tu, kisha akakaa siku chache tena kabla ya kupima mkojo, ule mrija utakaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unakuwa umekaribia kufunga. Hufunga kufikia siku ya 28 hivi. Ukibaki wazi juu, ubongo hauumbiki ipasavyo. Ukibaki wazi chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Na wakati wote huo mama hajakanyaga kliniki ya wajawazito, mahali ambapo wengi tumezoea kudhani ndipo utunzaji wa mimba unapoanzia.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo inayoufanya mjadala huu usiishe. Wapo wanaosema kila msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa apewe madini ya chuma na asidi ya foliki, vitamini ya kundi B, bila kungoja mimba, na bila hata kumpima. Wapo wanaojibu kwamba dawa haigawiwi kama pipi: mpime kwanza, ujue damu yake inapotelea wapi, ndipo umpe. Kila upande una haki, ila nimekuja kuona kwamba haki hizo hazihusu kitu kimoja.

Wa kwanza wanaanza na ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban wanawake 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, maana yake, kwa asiye mjamzito, hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita. Hao ni zaidi ya nusu bilioni. Mwaka 2012 nchi wanachama zilijiwekea lengo la kupunguza kiwango hicho kwa nusu ifikapo 2025. Lengo likasogezwa hadi 2030, kwa kuwa kiwango kilikuwa karibu palepale.

Kisha kuna hesabu ya akiba. Mimba moja hudai kama miligramu 1,000 za chuma: kwa damu ya mama inayoongezeka, kwa mtoto, kwa kondo la nyuma, na kwa damu itakayomwagika siku ya kujifungua. Anayeingia kwenye mimba na akiba tupu ni vigumu sana kuzipata zote kwa chakula ndani ya miezi tisa, na hata vidonge vya kliniki vinamkuta amechelewa, tena katika miezi ambayo kichefuchefu kinamfanya asitamani kumeza chochote.

Kwa asidi ya foliki hoja yao ni nzito zaidi. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 uliwahusisha wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro ya ule mrija wa ubongo na uti wa mgongo. Waliotumia asidi ya foliki tangu kabla ya mimba hatari ya kasoro kujirudia ilipungua kwa asilimia 72. Mwaka 1992 utafiti wa Hungaria ukaonyesha kwamba kinga hiyo inawafaa pia wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hilo. Ushauri uliotokana na kazi hizo haujabadilika sana: mikrogramu 400 kila siku, kuanzia mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Lakini karibu nusu ya mimba zote duniani hazikupangwa. Ukiwaambia "wanaotafuta mtoto" peke yao, umewaacha nje wale ambao mimba itawajia bila hodi.

Wanaotaka kupima kwanza nao hawajakosea. Upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Kuna damu inayonyonywa na minyoo wa safura, kuna chembe zinazopasuliwa na malaria, kuna selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ambayo mtu huzaliwa nayo, kuna uvimbe kwenye kizazi unaoifanya hedhi iwe kama kidonda, kuna maradhi ya figo. Mwenye thalasemia huweza kuwa na hemoglobini ndogo huku mwili wake umejaa chuma. Ukimwongezea, kinajikusanya kwenye ini na moyo. Mwenye upungufu wa vitamini B12 akipewa asidi ya foliki peke yake kwa kipimo kikubwa, damu yake hutengemaa kwenye karatasi ya maabara huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya, na ganzi ya miguu isipate wa kuifuatilia. Ndiyo maana watu wazima huonywa wasipitishe miligramu 1 ya asidi ya foliki kwa siku bila daktari.

Wengi hutaja pia utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006. Watoto wadogo katika eneo lililokuwa na malaria nyingi walipewa chuma na asidi ya foliki bila kuchaguliwa, na vifo pamoja na kulazwa hospitali vikawa vingi zaidi kwao kuliko kwa wasiopewa. Mtoto wa mwaka mmoja si mwanamke wa miaka 25, kwa hiyo matokeo hayo hayahamishwi moja kwa moja. Hata hivyo kuna jambo moja ndani yake ambalo halitajwi sana: katika kundi lililopimwa kwa undani, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma na damu walinufaika. Dawa ileile ilimsaidia aliyeihitaji na kumwelemea asiyeihitaji.

Na kuna vitamini A, ambayo naona inazungumzwa kidogo mno. Ile ya aina ya retinoli, ikizidi yuniti 10,000 kwa siku kabla na mwanzoni mwa mimba, inaweza yenyewe kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Mwanamke anayechanganya makopo mawili matatu ya "vitamini za uzazi", kila moja lina retinoli, anaweza kufika huko akidhani anajenga afya. Vitamini A ya mboga na matunda ya rangi haina hatari hiyo.

Tatizo la upande huu ni imani yake kubwa kwa kipimo. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi ni cha tone la damu kidoleni, nacho husoma hemoglobini tu. Lakini mwili hauanzi kwa kupunguza hemoglobini. Huanza kwa kumaliza akiba. Mwanamke wa gramu 12.3 huambiwa "damu yako nzuri, nenda nyumbani", kumbe ghala ni tupu: anachoka akipanda ngazi, nywele zinanyonyoka, ana hamu ya kutafuna barafu au udongo. Kipimo cha feritini ndicho kinachoonyesha akiba, na ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita basi chuma kimekwisha. Ila feritini nayo hupanda mtu akiwa na maambukizi, hivyo ikisomwa vibaya hudanganya. Sera inayosema "asipimwe, asipewe" mahali ambapo feritini haipimwi, maana yake halisi ni kwamba hatapewa.

Kwa hiyo mimi nazitenganisha dawa hizi mbili, ingawa zimezoeleka kukaa kwenye kidonge kimoja. Asidi ya foliki kwa mikrogramu 400 haihitaji mtu apimwe kwanza, muda wake wa kukinga ni mfupi, na kwa dozi hiyo madhara ni haba mno. Apewe kila anayeweza kushika mimba. Nchi kadhaa zimepitia kwenye unga, yaani huchanganywa humo viwandani: Marekani na Kanada tangu 1998, Chile tangu 2000. Uingereza, ambako ule utafiti wa 1991 uliongozwa, ilisubiri hadi 2024 kupitisha sheria yake, na viwanda vikapewa muda hadi mwisho wa 2026. Inaniuma kuwaza watoto waliozaliwa katikati ya miaka hiyo. Unga hauwafikii wanaosaga wenyewe, lakini unamfikia yule asiyejua bado kwamba ana mimba.

Chuma ni habari nyingine. Pale ambapo asilimia 20 au zaidi ya wanawake wana upungufu wa damu, Shirika la Afya Duniani limependekeza kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma na 2.8 za asidi ya foliki, kwa miezi mitatu, kisha kupumzika miezi mitatu. Kwenye malaria, kinga na tiba ya malaria viende sambamba. Naiona njia hiyo ni ya busara. Chuma kikimezwa kila siku, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo, na kingi cha kesho yake huishia chooni. Dozi zikipishana, sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge hufyonzwa, na tumbo halisumbuki sana. Wengi huacha vidonge kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba choo kitakuwa cheusi na kwamba hilo si ugonjwa, wala kwamba chai au kahawa mara baada ya kumeza hupunguza kazi ya dawa.

Lakini kidonge cha wiki hakimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Swali ambalo natamani kila mhudumu aliulize linahusu hedhi. Je, inazidi siku saba? Unabadilisha pedi kila saa moja au mbili? Kunatoka mabonge? Unaamka usiku kubadilisha? Wanawake wengi hujibu "ni ya kawaida", kwa kuwa ndiyo waliyoizoea tangu usichana, na mama zao walikuwa nayo hivyohivyo. Kumpa chuma mwanamke huyo bila kugusa hedhi yake ni kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Hapa ndipo maneno "kabla ya ujauzito" yanaponisumbua kidogo. Yamesaidia, maana serikali na wafadhili husikia haraka linapotajwa jina la mtoto. Ila yanamsahau msichana wa miaka 15 anayesinzia darasani, mwanamke asiyetaka kuzaa tena, na yule ambaye hatazaa kabisa. Uchovu wao ni uleule.

Tena kwa wanawake wengi, "kabla ya mimba" si wakati wa ubikira wala wa fungate. Ni miezi inayofuata uzazi uliopita. Amemeza vidonge kwa miezi kadhaa, amejifungua, amepoteza damu, na siku anayotoka hospitali maelezo yote yanahusu chanjo na kunyonyesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza chuma kiendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua katika maeneo yenye upungufu mwingi wa damu, na kwamba ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Mtoto akipelekwa chanjo ya wiki ya sita, mama yupo palepale, amembeba. Ni dakika chache tu kumpima damu, kumuuliza hedhi ikirudi imerudije, na kumpa pakiti ya kwanza.