Kuvua halafu unarudisha: flai ina maana gani hapa Tanga?

Pale Deep Sea, wanaposhusha samaki, kuna ubishi hauishi kuhusu hawa wageni wa rodi za flai (fly fishing), mtu anavua kolekole wa maana, anampiga picha, anamrudisha majini. Wavuvi wanaona ni wehu tu. Mzee mmoja aliniambia "mwanangu, samaki si mwanasesere", nikakosa jibu, maana hata mi kolekole wa kilo nne nikimuona nawaza mchuzi wa nazi. (Waja leo waondoka leo, kumbe hadi samaki.)

Ila tuwe wakweli. Kwenye mshipi wetu uzito ni chubwi, lile risasi la kuzamishia ndoana, ukilirusha nailoni inafuata. Flai yenyewe ni ndoana iliyofungwa manyoya, haina uzito wa maana, kwahiyo uzito umewekwa kwenye uzi, mtu anaupeperusha mbele nyuma mpaka urefuke ndo anauachia, na inatua kimyaa. Maji yakianza kujaa pembeni ya mikoko, yamefika magotini, samaki wanapanda kutafuta kaa na kamba, hapo ukidondosha chubwi wote washatimka. Siku moja nilikuwa nashika pondo la kusukumia boti, tukaona kivuli kinapita juu ya mchanga, jamaa akatupa flai mbele yake kama hatua mbili, akawa anavuta uzi kwa mkono kidogo kidogo, kile kivuli kikageuka ghafla na rili ikaanza kulia. Mshipi pale ungeambulia patupu.

Sasa subiri upepo wa kusi uchachamae mwezi wa sita wa saba, mtu wa flai uzi wote unamrudia masikioni, wakati mzee na chambo chake cha ngisi anapandisha changu kama kawaida.

Na huko kurudisha nako kusisifiwe hovyo. Samaki kapigana mpaka kachoka, unamlaza kwenye mbao kavu za boti, picha ya kwanza, ya pili, ngoja nivae kofia, ukimwachia anaelea tumbo juu. Huyo si bora angeenda sokoni? Anayetaka kurudisha kweli abane ule mwiba wa ndoana kwa koleo tangu nyumbani, aloweshe mikono, na samaki asikae nje ya maji kuzidi pumzi moja ya mtu.

Kwenye hela ndo penyewe. Kolekole wa sokoni analipa mara moja, wa kurudishwa anaweza kulipa siku nyingine ya boti, lakini kama boti ni ya hoteli na nahodha katoka mbali, mtu wa kijiji kama Kigombe anamwachia nani huyo samaki? Ndo maana mi naikubali flai kwa sharti la boti na nahodha wa kijijini. Kwa mazingira sina neno nayo, ndoana moja haiwezi kulinganishwa na baruti zilizovunja matumbawe yetu, wala majarife, zile nyavu kubwa, yaliyokuwa yakinasa silikanti, yule samaki wa kale, hadi hifadhi ya bahari ikaanzishwa 2009.

Nisichokubali ni mgeni kulalamika eti akina mama wa pweza wanamtimulia samaki. Bamvua likikauka ile miamba ni yao, wana saa chache tu za kuchokoa mashimo. Yeye asubiri maji yaanze kupanda, si ndo muda wake huo, na wao watakuwa washatoka na pweza wao.